Kungoja Kabla ya Ngumi

Tulimzika Afande Thembo kule Kinyamaseke, mvua zikiwa zimeanza, na mimi, kama kawaida yangu, nilishindwa kukaa. Nilipewa kiti cha plastiki chini ya turubai, karibu kabisa na wazee wa kanisa, nikakikalia mpaka wimbo wa kwanza ukaisha, basi, nikainuka. Nikaenda nyuma kwa wanawake waliokuwa wakimenya matoke, nikachukua kisu. Wakaniangalia ninavyokata, wakaninyang'anya, wakasema mama huyu atatutoa vidole. Nikaenda barabarani kutazama nani anakuja, nikarudi. Masereka alikuwa ameegemea lori lake, tumbo mbele, ananifuata kwa macho huku akicheka. "Kabugho, mpaka leo hujapata kiti?" Huyu Masereka nilifanya naye mazoezi ya ngumi kwa Afande, Bwera, mwaka mzima, tukigawana pea moja ya glavu, yeye ya kulia mimi ya kushoto, kwa hiyo ana haki ya kunicheka. Nikamwambia aanze kwa kuangalia tumbo lake. Akaacha utani, akatoa simu mfukoni, akasema kwa sauti ya chini kwa sababu marehemu alikuwa bado ndani, "Nimempata. Kigugumizi. Pambano lote, picha safi, tangu mwanzo mpaka mwisho." Nikaifunika ile simu kwa kiganja. "Kavira amefika?" Akasema yuko njiani, anavuka mpaka. "Basi irudishe mfukoni. Sitazami bila Kavira."

Mwaka ninaousema, simu kubwa za kioo zilikuwa bado za watu wachache, na kama ulitaka kuona watu wakipigana kwenye televisheni, ulikwenda kwenye kibanda cha video. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimekuja Bwera, mpakani na Kongo, kumsaidia shangazi yangu Mbambu kwenye hoteli yake ya chakula, na Kiswahili changu, nilichokiokota kwenye nyumba za wafanyakazi wa saruji kule Hima nikicheza na watoto wa Wakenya, kiliwachekesha wateja wake wote. "Huyu anaongea kama redio," walisema. Jiko la shangazi lilikuwa chumba chembamba chenye moshi, mafiga matatu, kinu cha kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, mlangoni, na ukuta wa nyuma ulikuwa mabati tu. Upande wa pili wa mabati yaleyale kilikuwa kibanda cha Baluku. Yaani nilikuwa napika bundu, ugali wetu wa muhogo, mikono yote kwenye mwiko, na kisogoni kwangu watu wanauana kwa Kichina, kwa Kihindi, kwa lugha zote za dunia, na Baluku anatafsiri kila kitu kwa maiki, Kiswahili kidogo, Lhukonzo kidogo, Luganda kidogo, na uongo mwingi. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Mtu akisema neno moja kwenye filamu, Baluku anasema maneno kumi, na watu wanakuja kwa ajili ya hayo kumi.

Siku za mapambano ya mchanganyiko, yale ya ngumi na mateke na kuangushana chini, hakukuwa na cha kutafsiri, na Baluku hakuwa mtu wa kunyamaza. Basi akawapa wapiganaji majina. Kulikuwa na Cherehani, ambaye alipiga ngumi fupifupi bila kupumua, ta-ta-ta-ta-ta, mpaka mwenzake anachoka kuhesabu. Kulikuwa na Panga, mtu wa mateke, ambaye ungesikia miguu yake inasugua sakafu polepole, shwaa, shwaa, halafu mlio mmoja mzito kwenye paja la mtu, na kibanda kizima kinaguna kama kimepigwa chenyewe. Hao niliwajua kwa masikio kabla sijawaona kwa macho, kwa sababu shangazi hakuniruhusu kuacha moto. Nilijifunza kwamba kila mtu anayepiga ana mwendo wake, na mwendo huo unasikika miguuni kabla ya mikononi. Cherehani alikanyaga kila ngumi na hatua yake. Panga alikanyaga, akatulia, akavuta, akakata. Mwenyewe nilimpenda Cherehani, maana alikuwa kama mimi, hana subira. Mpaka Baluku alipoleta diski ya Kigugumizi.

Kigugumizi hakuwa kama mtu yeyote. Alikuja kwa hatua nyepesi, ta-ta, ta-ta, karibu kama anacheza rumba, halafu katikati, mguu ukiwa umeshakwenda, kimya. Kimya kidogo tu, cha mtu aliyesahau neno mdomoni. Halafu pa! Na mwenzake yuko chini. Mara ya kwanza niliyosikia kimya kile niliacha mwiko kwenye sufuria. Na Baluku akapaza sauti, "Mmeona? Anamngoja! Anasikiliza pumzi ya mwenzake! Akivuta tu, amekwisha!" Katika raundi ya pili kimya kile kilitokea mara kadhaa, na kila mara Baluku alisema anasikiliza pumzi. Diski hiyo alikuwa ameiwekea sauti yake mwenyewe, kama walivyofanya watafsiri wote, akatoa nakala, na nakala zikavuka mto wa mpakani zikaenda Kasindi, upande wa Kongo, zikiwa na maneno yake ndani. Nakumbuka jioni moja Masereka, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwembamba anayebeba magunia ya kahawa, alisema kule ndani kwa sauti, "Lakini hii si diski imekwaruzika?" Wee! Walimzomea mpaka akatoka. Baluku alisema kwenye maiki kwamba kuna watu wanakuja kibandani na wivu wao. Nami jikoni nilimzomea pia, peke yangu, nikiupungia ukuta mwiko.

Afande Thembo alikuwa na chumba nyuma ya ghala la kahawa. Alikuwa ametoka jeshini zamani, na kila mtu alimwita Afande hata mke wake. Chumba kilinuka makapi ya kahawa, kwa sababu gunia tulilopiga lilijazwa makapi hayo, na kila ukilipiga vumbi jekundu linatoka, unapiga chafya katikati ya mazoezi. Chini kulikuwa na magodoro ya zamani yaliyofunikwa turubai. Kwake ngumi ilikuwa kwata. "Kushoto! Kulia! Kushoto! Nani ilikwambia ucheze? Hapa si harusi!" Vijana walikuwa wanamletea mateke ya Panga na mikono ya Cherehani kutoka kibandani, naye anawafutia yote, anawarudisha kwenye kushoto kulia. Nilikuwa nawapelekea chai na chapati, nasimama mlangoni, miguu yangu inatikisika yenyewe. Siku moja nikashindwa. Nikaweka birika chini nikasema, "Afande, hata mimi nataka." Hakunitazama hata. "Mwanamuke akivunjika pua, mutu ya kwao inakuja hapa na fimbo. Peleka chai."

Nikamwambia nitamwonyesha kitu. Nikamwomba aje kibandani Jumapili baada ya kanisa, achague diski yoyote, mimi nifungwe kitambaa machoni, nimtajie nani anapiga. Alikuja, nadhani kwa ajili ya kucheka. Baluku akafurahi, akazima maiki yake kwa mara ya kwanza maishani. Wakanifunga leso ya shangazi, iliyonuka moshi na kitunguu, wakaweka. Panga, nikasema. Sawa. Cherehani. Sawa. Wakaweka mtu nisiyemjua, nikasema huyu simjui lakini anapiga kwa mkono wa kushoto, maana mguu wa kulia ndio unaotangulia na anaukanyaga kwa nguvu. Kibanda kikapiga makofi. Halafu nikakosea, nikamwita Panga mtu mwingine kabisa, nikabishana naye Baluku nikiwa bado na kitambaa usoni mpaka watu wakacheka. Afande hakucheka. Alinifungua leso mwenyewe akauliza, "Unasikia nini?" Nikasema miguu, Afande. "Kesho asubui. Ukilia, unaenda." Sikulala vizuri kwa furaha, haki ya Mungu.

Lakini kusikia ni kitu kimoja na kupiga ni kingine. Nilichosikia vizuri kwa wengine, kwangu kilipotea. Nilikuwa na haraka ambayo sijui ilitoka wapi. Kabla Afande hajamaliza kusema "piga" nimeshapiga, nimeshakosa, nimeshapigwa. Masereka alisimama tu mbele yangu, ananingoja nije, ananitoa pembeni kama anafunga mlango. "Ngumi yako inafika mbele yako," Afande alisema. "Wewe mwenyewe unafika baadaye, unakuta imekwisha." Nilipandwa na hasira, nikawa naenda kasi zaidi. Usiku, hapana, kila asubuhi niliamka na alama mpya, na shangazi ananipaka samli huku akisonya. Ndipo nikaanza kumwiga Kigugumizi. Nilimwigia kwenye kinu. Mimi na shangazi tulitwanga sombe pamoja, michi miwili kinu kimoja, na kazi hiyo haina haraka: mwenzako anashusha, wewe unapandisha, ukiwahi mnagongana. Sasa mimi nikawa nashusha, napandisha, halafu nasimama na mchi hewani. "Nini tena?" shangazi anauliza. "Nasikiliza pumzi yako." "Pumzi yangu inasema sombe haijaiva. Twanga!"

Mambo yakafika mahali. Nyumbani waliamua niende Kasese mjini nikakae kwenye duka la vitambaa la mjomba. Kukaa, ndivyo walivyosema, na neno hilo lilinitia baridi. Kiti nyuma ya kaunta, futi ya kupimia, mchana kutwa unatazama watu wanaotembea. Nilimlilia shangazi. Shangazi Mbambu hakuwa mtu wa maneno laini. Alikuwa anaparua magamba ya samaki, hakuacha kuparua. "Wanasema huko kwa Afande unajiumiza bure. Mimi sijui. Nitakuja nione kwa macho yangu. Kama ni kujiumiza bure, unaenda Kasese kukaa. Kama ni kitu, unabaki hapa, nami nitawajibu." Na Afande naye alikuwa amepata mtu wa kupigana nami, msichana wa Kasindi anayeitwa Kavira, ambaye alikuwa ameshawatoa damu wawili wa kwao. "Moja tu," Afande aliniambia. "Ukienda mbio kama ndama imetoka zizini, mimi sileti tena mwanamuke hapa." Basi kila kitu changu kilikuwa ndani ya pambano moja: Bwera, jiko, kibanda, miguu yangu. Wiki ile sikula vizuri, na niliunguza bundu mara nyingi mpaka wateja wakaanza kuulizana kama nina mimba.

Siku ya soko, mchana, ghala la kahawa lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia. Madereva wa boda walisimama mlangoni na pikipiki zao. Wakongomani walivuka wengi, wakapiga kelele kuliko sisi. Shangazi alikaa mbele, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja kumwona daktari. Baluku alileta maiki yake, nani angemzuia. Kavira alikuwa mfupi kuliko mimi, mabega mapana, nywele amesuka mistari, na alinitazama bila chuki yoyote, kama unavyotazama mzigo unaotaka kuubeba. Kengele, ambayo ilikuwa ringi ya gari iliyopigwa kwa spana, ikalia. Raundi ya kwanza nilifanya yote niliyokatazwa. Nilikwenda mbio. Kavira alinipiga ngumi mbili safi, akanishika kiunoni, akaniangusha kwenye magodoro, na sikio langu likajaa sauti ya wenzake wakisema "Maliza! Maliza!" Refa akatuinua. Nilipokwenda pembeni Afande hakunipa maji kwanza. Alinishika taya. "Wewe unasikiaga watu yote. Huyu mbona husikii?"

Raundi ya pili nikasema basi, Kigugumizi. Ta-ta, ta-ta, nikaenda, mguu ukatangulia, nikasimama. Na Kavira naye akasimama. Nikafikiri ni bahati. Nikarudi nyuma, nikaja tena, ta-ta, ta-ta, kimya, na yeye huyo, mguu mbele, mkono nyuma, kimya vilevile. Tumesimama uso kwa uso, glavu juu, hakuna anayepiga. Mmoja juu ya magunia akaanza kucheka, na ghala lote likacheka. "Beko nangoyana!" Mkongomani mmoja alipiga kelele, eti tunangojana, "Batapika chai hapo!" Na Baluku, Mungu amsamehe, akasema kwenye maiki, "Wanasikiliza pumzi! Wote wawili wanasikiliza pumzi!" Nilimwona Kavira anaminya midomo kuzuia cheko, na mimi nikaelewa: huyu naye ameitazama diski ileile, na sauti ileile ya Baluku ndani yake. Ningeweza kufa kwa aibu. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimesimama, na sijawahi kusimama namna ile tangu kuzaliwa, nikasikia. Nikamsikia anavuta pumzi kupitia puani, kifupi, kama shangazi kabla ya kushusha mchi. Hapo nikapiga. Kushoto, kulia, kwata ya Afande, hakuna madoido. Kavira akakaa chini, matako kwenye turubai, macho wazi ya mshangao. Loo, kelele za siku ile! Aliinuka, bila shaka. Raundi ya tatu alinikamata tena, akanilalia kifuani mpaka nikapiga godoro kwa mkono kuomba imalizike. Nilishindwa, na ninaisema bila kuficha. Tukakumbatiana tukiwa tunanuka jasho na kahawa, akaninong'oneza, "Na weye unaonaga ile diski?" tukaangua kicheko mbele ya watu.

Nje, pua yangu inavuja, nilimtafuta shangazi. Nilikuwa tayari kwa Kasese. Nilikuwa nimeshaliona lile duka, kile kiti. Alinifuta damu kwa leso ileile ya moshi, akanishika bega. "Nilikulea mwaka mzima wewe sijakuona umetulia mahali," alisema. "Hata kanisani. Leo nimekuona umesimama." Akakunja leso. "Kesho sombe ni ya mapema, usichelewe." Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yangu. Nikabaki Bwera. Nilipigana tena mara kadhaa baada ya hapo, nikashinda baadhi, na Kavira akawa anavuka siku za soko, tunakula samaki jikoni kwa shangazi huku Baluku anadanganya watu upande wa pili wa mabati. Lakini mengine yote yalikuja baada ya mwaka ule, na nikiulizwa nilikua lini, nasema ni pale, mguu mbele, watu wakinicheka.

Kavira alifika Kinyamaseke wakati udongo umeshawekwa. Ni mama mzito sasa, anauza vitenge Kasindi, alikuja amefunga kitambaa cheusi kichwani, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Tukakaa watatu nyuma ya lori. Masereka alitoa simu, halafu akasita. "Kabla hujaona," aliniambia, "ujue mimi nilitaka kukuambia wakati ule. Nilienda kwa Afande, nikamwambia, ile diski imekwaruzika, yule mtu hasimami popote, Kabugho anaiga ubovu. Afande akanikataza. Alisema, 'Nyamaza. Ile mutoto haina breki. Kama imepata breki kwa diski mubovu, wacha ibaki nayo.'" Tangu asubuhi nilikuwa sijatoa chozi, nilikuwa nazunguka tu kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, Kavira amenishika kichwa, na wanawake wa matoke wakatazama wakaona hatimaye mama wa haraka amekumbuka kilichomleta.

Nilipomaliza nikasema haya, weka. Picha ilikuwa safi kweli, unaona hata jasho. Hakuna sauti ya Baluku. Ta-ta, ta-ta, ile rumba ya miguu, raundi ya pili, anakuja, nikasogea, Kavira akasogea, mabega yetu yakagusana. Tukafika pale. Mimi nikazuia pumzi, nikasikia na mwenzangu amezuia yake. Yule mtu akapita palepale bila kusimama, akapiga, mwenzake akaanguka, kwisha. Tukabaki tumezuia pumzi wawili wetu, tunamngoja. Kavira ndiye aliyeachia kwanza, akasonya.

"Ye huyu mutu," akasema, "iko na haraka ya nini?"